Alama za Makaa Mlangoni

Mwaka wa 2007 mvua ilileta maji hadi ndani ya chumba chetu mtaani Kaptembwo. Niliwapandisha wadogo wetu wawili juu ya meza, na hata huko juu maji yakawafika magotini. Mimi na kaka yangu anayenifuata tuliishikilia meza isielee.

Baadaye tukasikia kwamba injinia wa barabara atapita kuangalia alama za tope ukutani. Kama maji yalifika juu, ataweka mabomba makubwa chini ya barabara. Kama yalifika chini, madogo.

Landilodi alisikia kabla yetu. Mabomba makubwa yangetaka mtaro mpana, na mtaro ungemeza choo chake. Asubuhi akaja na chokaa, akapaka ukuta wote wa nje.

"Mkiulizwa, hapa maji hayajawahi kuingia," akatuambia.

Alipogeuka tu, wapangaji tukachukua tope. Mimi, kifungua mimba katika nyumba isiyo na wazazi, nilitakiwa niwe mfano mwema, kwa hiyo ndoo nilibeba mimi. Kaka yangu alipaka hadi juu ya dirisha. Jirani yetu muuza chapati hakutaka kushindwa. Alipaka hadi kwenye mabati.

Injinia alifika, akagusa ukuta wa jirani. Kidole kikatoka kimelowa tope bichi.

"Mathe, maji yalifika hapa?" akamuuliza muuza chapati.

"Yalifika, boss."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kanisani."

Ploti nzima ikaangua kicheko, landilodi akicheka kuliko wote. Injinia akafunga daftari. "Basi nitaandika alivyosema mwenye ploti. Mabomba madogo yanatosha."

Kicheko kikanikauka mdomoni. Niliiona ile meza tena.

"Injinia, ingia kwangu. Ndani hakuna mtu amepaka."

"Wewe msichana, usisumbue mgeni!" landilodi akafoka, lakini mgeni alikuwa ameshainama mlangoni.

Kila shule zilipofunga, mama alikuwa akitusimamisha kwenye fremu ya mlango, upande wa ndani, kufuta mstari wa zamani na kuchora mpya wa makaa juu ya kichwa cha kila mmoja. Alipofariki, nilipokea makaa pamoja na kila kitu kingine, nikaacha shule.

Injinia aliona mistari miwili. "Mko wangapi hapa?"

"Wanne."

"Na hawa wengine wawili?"

"Maji yaliwafuta."

Akavua kofia.

"Mistari yao, boss. Wenyewe wako shuleni."

Alinikazia macho, kisha akacheka mpaka akaegemea mlango. Akatoa futi, akapima kutoka sakafuni hadi mahali fremu ilipooshwa, akaandika.

"Barabara hii ilijengewa mvua ya kina babu," alimwambia landilodi. "Mvua ya siku hizi haitoshei kwenye kibomba."

"Na choo changu?"

"Tutakuchimbia kingine, mzee," nikasema. "Tope tumeshazoea kubeba."

Mabomba yalifika mwaka uliofuata, yakalazwa kando ya barabara. Kitinda mimba wetu alikimbilia ndani ya moja, akasimama wima, akaruka, kichwa hakikugusa juu. Nilikwenda nyumbani nikarudi na kipande cha makaa, nikamsimamisha humo ndani, mgongo kwenye zege la bomba, nikachora mstari juu ya kichwa chake.

"Si maji yataufuta tena?" kaka yangu akauliza.

"Yaufute," nikamwambia. "Bora yaufutie humu humu."