Ubeti wa Nne

Siku ya kwanza nilipomwona Tabu binti Abbasi, alikuwa ameketi stesheni ya Dodoma akiuza karanga, huku akimkaripia askari aliyekula nusu ya ungo kwa kisingizio cha kuonja. Reli ya Wadachi ilikuwa bado mpya. Mimi nilikuwa mchukuzi wa mizigo. Shule ya serikali ilinifundisha kuandika jina langu bila msaada, nikajiona msomi. Nilinunua karanga, nikasahau kuzichukua.

Tabu alikuwa mjane kutoka Kondoa, aliyelelewa na baba mpenda mashairi. Nikaona nimtungie. Beti tatu, za mistari miwili miwili. Niliziandika karatasini makusudi, nisije nikalazimika kufungua kinywa.

Akaigeuza karatasi juu chini. "Hizi herufi za Kidachi sizijui. Mimi nasoma za Kiarabu. Soma mwenyewe, kaka Hasani."

Nikasoma, wachukuzi wenzangu wametega masikio:

"Karanga zako ni njema, zanitoa hata jasho,
Nina neno la kusema, nitakuambia kesho."

"Jasho? Kwani nimetia pilipili?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Nikasoma ubeti wa gari moshi, kisha wa mawingu. Zote mbili ziliishia kwenye kesho ileile.

Tabu hakucheka nao. "Vina vimekaa, mizani imetimia. Lakini tazama unavyokwenda. Kwanza uko kwangu, halafu kwenye gari moshi, halafu mawinguni. Unazidi kunikimbia, na kibwagizo ni kilekile. Mtu akirudia neno, ama analikaza ama analikwepa. Wewe je?"

Nikasema gari moshi linaniita. Hapakuwa na gari moshi.

"Ijumaa kaka yangu Athuman anakuja kunichukua," akasema. "Kuna mtu Tabora ameniposa, sijamjibu. Tunga ubeti wa nne, uishie kwa neno lenyewe."

Nikautunga, ukaishia kwa "nakuposa". Ijumaa nilifika nimevaa kanzu ya kuazima, ubeti nimeuhifadhi moyoni. Nikamkuta Athuman anapakia mizigo. Nikamsaidia, maana kubeba ndiyo kazi pekee ninayoiweza bila kutetemeka. Nilibeba mpaka ule ungo wa karanga.

Tabu alisimama mlangoni mwa behewa akiningoja. Nikafungua kinywa.

"Bi Tabu... safari njema."

Firimbi ikalia. Akapanda, akachungulia dirishani.

"Kibwagizo nimekishika, kaka Hasani. Ubeti ndio sijausikia."