Mama Kevin Alivyopika Kelele Kawangware

Nelima Mukhwana alikuwa na sufuria mbili, mume mmoja na sauti ya watu wanne. Sufuria zilikaa kibandani pake Kawangware, mume alikaa karakana akipiga vitanda randa, na sauti ilikaa popote ilipotaka.

Alihamia huko kutoka Soweto, Kibera, kwa sababu aliambiwa kuna maji. Na kweli yalikuwepo: mfereji mmoja, bomba la kanjo, yaani baraza la jiji, katikati ya kiwanja kidogo, ambapo Waluhya, Wajaluo, Wakisii na Wakikuyu walipanga laini na kutukanana bila ubaguzi.

Mwaka wa tisini na saba, Bwana Irungu akakizungushia kiwanja mabati. Irungu alikuwa mzaliwa wa hapo, landilodi wa nusu ya mtaa, na kitambi chake peke yake kilihitaji ploti. Alikuwa anagombea udiwani, na hakuficha kitu: akiingia kanjo, kiwanja ni chake na maji atauza yeye.

"Hawa ni watu wa kuja," alisema nje ya kanisa, akiwaonyesha wapangaji kwa kidevu. "Wacha wachote huko walikotoka."

Watu wakaanza kwenda kuchota maji mpaka mtaa wa Satellite. Nelima alienda, akarudi, akatua mtungi mbele ya mumewe.

"Naftaly, nitasimama."

"Si umesimama?"

"Nasimama udiwani."

Naftaly akakaa juu ya kitanda cha mteja. Kitanda kikalia kwa niaba yake. "Mama Kevin, huyo mzee ndiye mwenye nyumba yetu."

"Basi afukuze diwani tuone."

Vyama vikubwa vilimcheka. Akachukuliwa na chama kisicho na ofisi, ambacho alama yake ilikuwa kobe. Kwa nini kobe? Mwenyekiti alisema wanyama wa maana walikuwa wameisha.

Sasa, kulikuwa na mambo ya ulimi. Nelima ni Mbukusu, na kinywani mwake g hugeuka k: gari ni kari, kupiga ni kupika. Irungu naye, kila akijitahidi kuongea Kiswahili safi, r ilimponyoka ikawa l. Kawangware ilishazoea. Watu walielewana kwanza, wakacheka baadaye.

Siku ya mkutano wa wagombeaji, mvua ya El Nino ilipumzika kidogo. Uwanja wa shule ulikuwa matope matupu. Nelima akapanda juu ya meza.

"Mkinichakua," akanguruma, "nitaenda City Hall nitapika kelele! Nitapika kelele mpaka yale mabati yatoke!"

Irungu alidhani Mungu amemtumia zawadi. Akanyakua kipaza sauti.

"Mmesikia? Anataka kupika kelele! Mama, hiyo kelele ni ya kukaanga ama ya kuchemsha?"

Vijana aliowagawia fulana wakacheka. Ndiyo kazi waliyopewa. Irungu akanogewa, akatanua mikono.

"Mimi ni mtoto wa hapa. Mnajua ninachotaka. Nataka kula! Nipeni kula zenu zote! Kula za akina mama, kula za vijana, kula za wazee, nisikose hata moja!"

Nelima hakuhitaji kipaza sauti.

"Amesema kwa mdomo wake! Mimi nataka kupika, yeye anataka kula. Nanyi mna njaa ama mmeshiba?"

Basi. Hata vijana wa fulana walisahau kazi, wakamcheka Irungu. Mama Wakarima, ambaye ni Mkikuyu, mwenye ploti, tena mzaliwa wa hapo kumshinda Irungu kwa miaka, alicheka mpaka akashikilia mlingoti wa goli. Irungu akamgeukia kwa uchungu.

"Hata wewe? Unacheka na watu wa kuja?"

"Baba Jackie, na mimi si nilikuwa nachota pale? Umenitembeza Satellite na magoti haya. Wacha huyu mama apike!"

Tangu siku hiyo vijana walimwamkia Nelima, "Niaje mathe, pika!" Irungu naye, kila alipopita, wapangaji walimwuliza kwa heshima kubwa, "Mzee, umekula?" Siku za mwanzo aliitikia, "Asante." Baadaye akawa anapita na gari, vioo juu.

Siku ya kupiga kura watu walipanga laini kwenye mvua, viatu mkononi. Msimamizi aliposoma matokeo, Naftaly alimwomba arudie, akijua fika amesikia. Kobe alikuwa ameshinda. Alishinda kwa wapangaji, akashinda na kwenye kituo kilichokuwa mlangoni kwa Irungu, na mpaka leo mzee anajiuliza ni nani nyumbani kwake aliyempigia kobe.

Nelima hakungoja kuapishwa. Alitoka kituoni akaelekea moja kwa moja kwenye kiwanja, mtaa mzima nyuma yake ukiimba. Naftaly akang'oa misumari ya mabati mmoja mmoja, kistaarabu, mpaka Mama Wakarima alipochoka kungoja akausukuma ukuta kwa makalio. Ukalala chini wote.

Mvua ilikuwa inamwagika, maji yako kila mahali, na bado watu wakapanga laini mferejini. Nelima alijaza mtungi, akauinua, akauweka begani kwa Naftaly.

"Twende, mume wa diwani," akasema. "Na maji usimwake."