Sauti Niliyoiondoa kwenye Gemu ya Rehema

Msimu wa mavuno nyumba yetu ya Bariadi ilinuka pamba. Ni harufu kavu, ya vumbi na mafuta kidogo, nayo ilituandama hadi kwenye mashuka, kwa sababu pamba ambayo haijauzwa ililundikwa chumbani kwetu hadi juu, nasi tukalala pembeni yake, mimi na pacha wangu Doto. Mimi ndiye Kulwa, niliyetangulia kuzaliwa. Baada ya hapo sikumbuki kumtangulia tena kwa lolote. Tulikuwa darasa la sita. Doto aliongea na kila mtu, hata wanunuzi wa pamba. Mimi nilijibu salamu huku naangalia miguu ya watu.

Nyumba ya jirani alihamia bwana mifugo kutoka Tanga, pamoja na mkewe na binti yao Rehema, wa umri wetu. Rehema alikuwa na gemu ya mkononi, kidude cheusi chenye vitufe pande mbili na kioo katikati, alichopewa na mjomba wake. Wengine walitaka kucheza mpira na mbio za magari humo. Rehema alitaka video, tena za kwetu wenyewe. Alirekodi kwa simu ya mama yake, halafu ilibidi video iingizwe kwenye kompyuta ya baba yake, ipunguzwe na kugeuzwa iwe ya aina ambayo gemu inaikubali. Bila hivyo kioo kinakuandikia tu kwamba faili halifunguki. Alitufundisha sote wawili. Doto alichoka kabla ya kufika katikati. Mimi nilishika siku hiyohiyo: ukubwa wa picha, sauti, mahali pa kuhifadhi, kisha kusubiri. Video ya dakika mbili ilichukua muda wa kusonga ugali ukaiva. Nilipenda kusubiri kule. Kompyuta ilipata moto, feni yake ikavuma, nami nikajiona mtu wa maana.

Lakini nani humsifu aliyesubiri? Kwenye kioo alionekana Doto, akicheza, akiigiza mwalimu, akiigiza ng'ombe anayegoma kwenda mnadani. Watoto wa mtaa wakamwita Doto wa kwenye gemu. Mimi nikawa yule mwingine. Hata Rehema, ambaye mwanzoni aliniita mimi kwanza kila asubuhi, akaanza kumwita Doto. Siku moja nilijikaza nikaomba nirekodiwe. Nikasimama mbele ya simu nimeshika jembe, maneno yakanikauka. Kadi ya gemu inayohifadhi video ilipojaa, Rehema alizipitia video zote, akasema kwa upole, kwa Kiswahili chake laini cha Tanga, "Hii tuifute, Kulwa. Haina mtu." Hakuwa na ubaya. Ila mimi nilikuwemo humo, nimesimama.

Kwetu wakati wa mavuno ngoma hushindana. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna haja ya mwamuzi: watazamaji wakihamia kwako, umeshinda. Sisi watoto tuliiga. Wavulana wa ng'ambo ya barabara walikuwa na madebe yao ya kupiga, sisi tukawa na gemu, ndani yake Doto anacheza na jembe na kuimba wimbo alioutunga mwenyewe. Nilijua akishinda, Rehema atakuwa wake kabisa, na mimi nitabaki na kompyuta.

Asubuhi ya shindano waliniacha peke yangu niiandae video. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na kisanduku kidogo cha kuwekea alama ya sauti. Ukiondoa alama, video inatoka bubu. Nikaiondoa. Siwezi kusema mkono uliteleza. Niliitazama alama ikipotea, nikabonyeza, nikasubiri kama siku zote. Kisha nikaifuta ile ya kwenye simu, kama tulivyozoea kufanya ili kupata nafasi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema huyo aliye nguoni anajisikiaje.

Mchana watoto wakajaa, madebe yakaanza. Rehema akawasha gemu. Doto akaonekana anafungua mdomo, kimya. Mmoja akasema mchezaji wetu kameza nzi, wakacheka, wakaanza kuvuka barabara kwenda kwenye madebe. Rehema akanigeukia.

"Kulwa, umefanyaje?"

Kabla sijasingizia mashine, Doto akaingilia. "Mwache. Kulwa hakosei huyu. Hicho kidude chako ndicho kibovu."

Akamnyang'anya gemu, akaishika kifuani kioo kikiwatazama watu, akaanza kuimba mwenyewe, miguu yake ikienda sawa na ile miguu midogo ya kwenye video, wala hakuhitaji kuiangalia. Watu wakarudi. Mwishoni hata wapiga madebe walivuka. Tukashinda. Nilipiga makofi na wengine, na moyoni nilitamani angenilaumu, maana mtu akikulaumu unapata pa kushika.

Sasa tuko kidato cha tatu, kila mmoja shule yake. Rehema alishaondoka, baba yake alihamishiwa mkoa mwingine. Simu za siku hizi zinacheza video yoyote bila kuuliza maswali, kwa hiyo ule ujuzi wangu hauna mteja tena. Wivu ndio haujapitwa na wakati. Doto sijamwambia mpaka leo. Likizo iliyopita alinionyesha, kwenye simu ya mama, video ya mdahalo wa shuleni kwao: anaongea, ukumbi mzima umetulia. Aliponiuliza nimeonaje, nilimwambia nzuri. Nikachukua ndoo nikatoka kwenda kuchota maji, na mapipa yote nyumbani yalikuwa yamejaa.