Bugomora Hakufikiki kwa Njaa

Nakumbuka Jumapili moja nilivyokataa chapati ya moto huku tumbo likinguruma, na kwa kukataa kule nikamfanya mama yangu akae mlangoni kutwa nzima akinisubiri. Mwanangu, nitakueleza ilivyokuwa, na usiniharakishe. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Mwenye kutaka maneno ya kupendeza atafute kwingine.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mjukuu wangu Adventina. Ana pikipiki yake, ameinunua kwa maharage yake mwenyewe, na Jumapili baada ya ibada yeye na wenzake huwa wanatoka pamoja, wasichana kwa wavulana. Wanaondoka hapa Nyaishozi, wanapanda hadi Omurushaka, wanaingia Kyerwa. Wanasimama kwenye vile vihoteli vya barabarani, wanakula katogo ya ndizi na utumbo, wanapiga soga, wanaendelea mbele. Jioni wamerudi. Hiyo ndiyo starehe yao na mimi sijaona ubaya wake. Lakini wiki iliyopita hako kajukuu kangu kamekuja hapa kamenuna. Wamama fulani wamemwambia mbele ya watu kwamba msichana anayetanua miguu juu ya pikipiki na kula barabarani kati ya wanaume hataolewa. Akaniambia, "Bibi, nataka kuiuza hiyo pikipiki."

Nikamwambia kaa chini. Niliyomwambia ndiyo haya, na wewe unayesoma yachukue kama umeambiwa wewe.

Mimi nilizaliwa Bugomora, kule karibu na mpaka. Nikaolewa huku Nyaishozi, na ukiangalia ulivyo mwendo wa huko hadi huku, kwa miaka ile ilikuwa kama nimeolewa nchi nyingine. Mama yangu miguu ilikuwa imemwishia nguvu, hawezi kuja. Na baba mkwe wangu alikuwa na amri moja: mke wa mji wake halali nje. Kwa hiyo kama nataka kumwona mama, niende na nirudi siku ileile. Kwa miguu haiwezekani. Gari la kuaminika hakuna. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wa tatu nikawa nasahau hata sauti ya mama ilivyo.

Halafu mume wangu Deo akapata pikipiki. Ilikuwa imechakaa, ukiiwasha kijiji kizima kinajua. Akaniambia, "Jumapili nakupeleka Bugomora." Tukatuma salamu kwa mtu anayekwenda huko, mama akajua tunakuja. Sikulala kwa furaha.

Sasa sikia ujinga wangu.

Kwetu mkamwana hali chakula mbele ya baba mkwe. Hamkaribii, hapitani naye njiani uso kwa uso, na kinywa chake kikitafuna baba mkwe asikione. Si baba mkwe peke yake, hata wazee wa rika lake. Ndivyo nilivyofundishwa na shangazi zangu kabla ya kuolewa, na nilikishika kile kitu kuliko katekisimu. Na tena mwanamke mwenye heshima akipandishwa kwenye pikipiki hukaa upande, miguu yote miwili kushoto, kama mzigo wa kuni. Nami nikakaa upande. Mkono mmoja umeshika koti la Deo, mwingine umekandamiza kitenge kisipeperuke.

Tulitoka alfajiri bila kula ili tuwahi. Tukafika Omurushaka. Kuna hoteli, hoteli gani, banda la mabati na mabenchi mawili, lakini harufu yake mwanangu. Chapati zinageuzwa, chai inachemka na tangawizi. Deo akaingia. Mimi nikachungulia nikaona mzee mmoja amekaa na kikombe, rika la baba mkwe, anatufahamu vizuri. Nikarudi nyuma. Nikasimama nje kando ya pikipiki nimeelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Deo akanitolea chapati kwenye karatasi.

"Kula."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tumetoka nyumbani na maji ya kunawia tu."

"Deo, kuna wazee humo. Na kula nimesimama barabarani ni kama mbuzi."

Akaila yeye. Sikumlaumu, ilikuwa inapoa.

Kamuli ilikuwa hivyohivyo. Tulisimama kwa mama mmoja mpika ndizi, wakimwita Ma Venera, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Hapo hakukuwa na mzee wa kwetu hata mmoja, nikataka kuingia. Bahati mbaya mtu mmoja akaniangalia akasema, "Huyu si mkamwana wa mzee wa Nyaishozi?" Basi. Nikajifunika kitenge usoni nikatoka. Deo akala, mimi nikameza mate.

Tukaondoka Kamuli jua limeshakuwa kali. Kuna mteremko pale, kipindi kile mvua ilikuwa imechimba mfereji katikati ya barabara. Macho yangu yalianza kuona giza giza. Nikaachia koti la Deo ili nishike kitenge kwa mikono miwili, upepo ulikuwa unakifunua. Ona akili hiyo, mwanangu. Nimeachia mtu nimeshika nguo. Gurudumu likaingia mferejini, mimi nikaenda upande wangu nilioelekeza miguu. Nilichubuka kuanzia kiwiko mpaka kiganja, bega likavimba, na nguo niliyokuwa naishikilia ikapanda yenyewe mpaka kiunoni mbele ya watu waliokuwa wanatoka kanisani.

Deo alinibeba kurudi kwa Ma Venera. Yule mama akaniosha kidonda kwa maji ya chumvi, hakunibembeleza.

"Umekula nini leo?"

Deo akawahi kujibu, "Hajala kitu. Anaona aibu wazee."

Ma Venera akaacha kuosha. Akaniangalia. "Unakwenda wapi?"

"Kwa mama yangu. Bugomora."

"Utafika?"

"Leo hapana. Kwa bega hili sitafika na kurudi kabla ya usiku."

"Kwa hiyo wazee wamekuona una adabu, na mama yako hajakuona kabisa." Akakamua kitambaa. "Mimi hapa nimepika miaka mingi. Wanawake wenye adabu kama wewe nawaona wanaanguka kwenye ule mteremko, nawaosha. Wanaume sijamwosha hata mmoja, maana wanapanda wameshiba na wamekaa sawasawa. Hebu nieleze, huyo aliyekufundisha kukaa kama mzigo, alishawahi kupanda pikipiki?"

Shangazi zangu pikipiki walikuwa wanaikimbia wakiisikia.

"Jina la mama yako mimi silijui," akasema, "lakini najua sasa hivi anafanya nini. Amepika, amefunika na majani ya mgomba, anaangalia njia. Sasa kula, au utaanguka tena kabla ya kufika kwenu."

Akaniwekea sahani ya ndizi na maharage palepale kwenye benchi, katikati ya wanaume. Nilikula nalia. Lakini nilikula.

Tukarudi Nyaishozi. Baadaye yule mtu wa salamu alituletea habari: mama alikaa mlangoni tangu asubuhi mpaka kuku wakaingia kulala, chakula chake akawapa watoto wa jirani. Alichosema ni kwamba labda nimekatazwa. Hakuna aliyenikataza siku ile. Nilijikataza mwenyewe, na hilo limeniuma mpaka leo kuliko lile bega.

Bega lilipona kwa wiki nne. Nikamwambia Deo, "Jumapili hii twende tena. Na nipe suruali yako moja."

Akashtuka. "Suruali ya nini?"

"Ya kuvaa ndani ya gauni. Nakaa kama wewe unavyokaa."

"Watu watasema nini kwa baba?"

"Waseme nikiwa nimeshiba."

Tulipofika Omurushaka yule mzee alikuwepo, unaweza kudhani alizaliwa kwenye lile benchi. Nikaingia. Nikasema, "Shikamoo mzee," kwa heshima zote, nikapiga goti kama inavyotakiwa. Akaitikia marahaba. Halafu nikaketi benchi la pili nikaagiza chai na chapati mbili. Mzee aliacha kikombe kikiwa nusu akaondoka bila kuaga. Chai nusu niliimwagia gauni, usidhani nilikuwa shujaa. Nikanywa iliyobaki. Kamuli nikala sahani nzima, Ma Venera akanitupia ndizi nyingine bila kuniuliza. Ule mteremko tuliushuka nimembana Deo kwa mikono yote miwili, miguu huku na huku, pikipiki imetulia kama punda aliyepakiwa vizuri.

Saa tano asubuhi nilikuwa Bugomora.

Mama alinishika uso kwanza, kisha mikono, kisha akaona suruali imechungulia chini ya gauni. Akasema, "Umekuwa mwanaume?" Nikamwambia, "Nimekuwa mtu anayefika." Akacheka mpaka akakohoa. Akanipa punje za kahawa ya kutafuna mkononi kama mgeni wa heshima, tukakaa saa tatu. Sitakuandikia tuliyoongea. Ni yangu.

Habari ilitangulia kufika nyumbani. Wiki hiyohiyo baba mkwe akaita kikao, wazee watano, mimi mkekani. Mashtaka mawili: kukaa kiume juu ya pikipiki, na kutafuna mbele ya wazee hotelini. Wakasema nilete kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, niombe radhi, na pikipiki nisiipande tena.

Deo alikuwa anatazama chini. Nikaona nisipojisemea hakuna wa kunisemea.

Nikamwita baba mkwe kwa heshima ya kwetu, nikasema, "Tata, waitu, mimi kwenu nimekuja nikiwa na adabu na bado ninayo. Napiga magoti. Napika, nalima, nachota maji. Mmeniambia nisilale nje, na silali nje. Lakini njia ya kwetu ni ndefu na mwili huu unataka chakula. Nikikaa upande naanguka, mkono huu hapa una kovu, utazameni. Rubisi sileti, kwa sababu sijui naombea msamaha kitu gani. Na mwezi ujao nakwenda tena. Mkitaka nisipande pikipiki, mleteni mama yangu hapa Nyaishozi, nami nitatulia."

Hakuna aliyejitolea kwenda kumbeba mama yangu.

Baba mkwe alikaa mwaka mzima haonji nilichopika. Sahani inarudi kama ilivyokwenda. Nilipika hivyohivyo, nikapeleka hivyohivyo, nikala kilichorudi. Hakunisamehe mpaka anaingia kaburini, nami sikuomba. Nilimlilia kama baba, maana alikuwa baba. Hayo mawili yalikaa pamoja ndani yangu na bado yapo.

Na kila mwezi nilikwenda Bugomora. Miaka sita. Siku mama alipokata roho kichwa chake kilikuwa mapajani pangu. Dada zangu walioolewa karibu zaidi walipata habari kwa mjumbe. Mimi wa mbali nilikuwepo, na nilikuwepo kwa sababu nilikula chapati mbele ya mzee.

Sasa mwanangu, sikiliza nikuambie wazi.

Heshima ipo na uishike. Salimia, piga goti, toa nafasi kwa mkubwa. Lakini ukiambiwa heshima inataka uanguke kwenye mteremko, au ukae na njaa ili mtu mwingine ajisikie mkubwa, kataa. Kataa kwa sauti ya kawaida, usitukane, na usiombe radhi.

Wewe msichana, panda pikipiki ukae sawasawa, vaa suruali, vaa helmeti hata kama inaharibu nywele. Ingia mgahawani uketi kwenye kiti, ule ushibe, ucheke na wenzako. Usisimame ukutani. Mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na saa ya kurudi, kwa sababu anayekupenda ana haki ya kujua. Na ukiona dereva amesimama kilabuni akanywa, shuka hapohapo, rudi kwa miguu ikibidi. Hapo sitaki ubishi wa ujana.

Wewe kijana wa kiume, ukimpakia mtu nyuma muulize kama amekula. Akisema ameshiba na hujamwona akila, usimwamini. Na siku atakapoitwa kwenye kikao, usitazame chini. Deo alikuwa mume mwema, lakini siku ile alitazama chini, na nilimwambia hivyo mpaka uzee wetu.

Adventina hataiuza. Jumapili hii ameniambia wanakwenda Kamuli, nami nimemwambia nyuma ya pikipiki yake nafasi ni yangu. Magoti yanauma lakini yanatanuka bado. Nitaingia mgahawani, nitaketi katikati, wale wamama wakitaka waje watazame bibi wa miaka sabini na kitu anavyotafuna.

Basi, nenda mwanangu. Mungu akusawazishie barabara, akupe mikono isiyotetemeka na meza yenye nafasi yako kila utakaposimama. Na kule unakokwenda, ukute anayekusubiri bado yuko mlangoni.