Mvua ya Kwanza Ilikuwa ya Paa

Harufu ya vumbi lililolowa hunirudisha Cheyo, Tabora, enzi za Mwingereza, kwenye nyumba yetu iliyoezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa. Mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa ya kuosha paa tu, hakuna aliyeikinga. Mama alisimama barazani na bakuli jeupe, akakinga maji ya paa na kuyatazama. Kitako cha bakuli kikionekana vizuri, ndipo alipopaza sauti, "Haya, fungueni!" nasi tukafunua pipa na kulifunga kitambaa cha bafta mdomoni kichuje takataka. Kabla ya hapo, ole wako uguse kifuniko!

Mwaka mmoja nilikigusa. Nilikuwa na miaka minane, na dada yangu Mwanaidi alikuwa anaolewa kesho yake. Kisima cha bondeni kilikuwa kimebaki tope, kwa hiyo Mama na Shangazi walikuwa wamebeba maji ya pilau kutoka mbali, madebe manne, wakayamimina pipani. Asubuhi mvua ya kwanza ikanyesha, Mama akiwa kwa jirani kuazima masufuria. Nikajitia ujuaji, nikafunua. Pipa likajaa hadi nusu, mvua ikakatika, nami nikarukaruka uani kote kwa furaha. Jamani, nimeiokoa harusi!

Mama akarudi, akaonja, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Mwezi mzima tulikuwa tumeanika pilipili juu ya paa lile. "We Tatu! Umetupikia mchuzi humu!" Shangazi akacheka, lakini Mama hakucheka. Likamwagwa pipa zima. Nililia hadi kwikwi, nikijua wageni watakosa chakula kwa sababu yangu.

Alasiri mbingu ikafunguka tena, safari hii kwelikweli. Bakuli likaonyesha maji safi, Mama akapiga ukelele, na kila mtu akatoka na chombo chake. Hata Mwanaidi, aliyefungiwa chumbani akipakwa hina, alichomoka na hina mbichi viganjani, akakinga karai kwa viwiko. Mama alitaka kumgombeza, kicheko kikamshinda.

Leo nina tangi la plastiki uani, hujaa nikiwa usingizini, na mgongo wangu unashukuru. Mwanaidi sasa ana vitukuu. Hina yake ilisombwa na mvua, akaolewa akiwa na viganja vya rangi ya chai. Nimehudhuria harusi nyingi za siku hizi, za saluni na mapambo, na bado sijamwona bi harusi mwenye furaha kama yeye.