Picha Ndogo za Pembeni

Katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali walimwita Mama Pasi, na jina hilo alilipata kwa haki. Miaka ishirini na sita alisimama mbele ya mashine ya kupigia pasi mashuka, akivuta kifuniko kwa mkono wa kulia na kukikandamiza kwa uzito wa kiuno, shuka baada ya shuka, mpaka viganja vyake vikawa vigumu kama soli. Siku mkunja mashuka mwenzake aliposikia kwamba Mama Pasi, mjane wa miaka hamsini na minne, anajifunza karate kwa vitabu, alicheka hadi akaketi juu ya rundo la nguo chafu.

"Unataka kumpiga nani, mwenzangu?"

"Simpigi mtu."

"Sasa karate ya nini? Si bora hata ungejifunza kushona?"

Mama Pasi akavuta kifuniko, mvuke ukatoka, na mazungumzo yakaishia hapo. Kuna mambo ukiyaeleza mbele ya watu wenye haraka yanageuka kichekesho, na yeye hakuwa tayari kuchekwa kwa hili.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Marehemu mumewe alikuwa msoma mita za maji, mtu mrefu, mchache wa maneno, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mzee Mita. Kila asubuhi kabla ya kazi alisogeza meza ya sebuleni ukutani, akavua ndala, akasimama akielekea dirishani na kupiga kata yake. Kata, kwa asiyejua, ni mfululizo wa hatua na mapigo uliopangwa tangu zamani, ambao mtu huupitia peke yake kama anayepigana na watu wasioonekana. Ya Mzee Mita ilikuwa moja tu, ile ile, miaka ishirini na mitatu.

Wakati huo mke yuko jikoni anachemsha chai. Jiko liko ubavuni mwa sebule, na katikati hakuna mlango, ni uwazi tu wenye pazia lililofungwa fundo. Na kila asubuhi, katikati ya kata, mume aligeukia jikoni. Mama Pasi alijua kwa sikio: kisigino kinasuguka sakafuni, kimya kidogo, na kivuli kirefu kinasimama pembeni mwa jicho. "Bado!" alikuwa akisema, maana alidhani anaulizia chai. Kisigino kinasuguka tena, kata inaendelea.

Kisha siku moja Mzee Mita akainama kusoma mita ya watu na hakuinuka.

Watu wanapenda kusema nyumba ya mjane imejaa kumbukumbu. Waongo. Imejaa viti. Mama Pasi aliweza kukumbuka kikohozi cha mumewe, harufu ya sare yake iliyolowa jasho, hata namna alivyokuwa akilalamika juu ya mbwa wa watu. Lakini kata hakuikumbuka. Alipojaribu kuiona akilini aliona vipande: mkono, kisigino, pumzi. Miaka ishirini na mitatu, kila asubuhi, na hakuwahi hata siku moja kuitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Lilimuuma jambo hilo kuliko mazishi yenyewe. Akajiambia kwamba akiweza kuipitia yeye mwenyewe, hatua kwa hatua, atamwona mumewe tena, na atajua alikuwa akigeuka kwa sababu gani.

Vitabu vya marehemu vilikuwa vitatu, chini ya kitanda, vimefungwa kwa nailoni. Maelezo yake yalikuwa ya lugha ya kigeni, kwa hiyo Mama Pasi alisoma picha, zile za kata ambayo kurasa zake zilikuwa zimechakaa kwa vidole vya mumewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama kweli kweli: kitabu kimeegemezwa kwenye pasi ya mkaa juu ya kabati, miwani puani, mguu mmoja mbele, anachungulia ukurasa, anapiga ngumi, anarudi kuchungulia. Wiki ya kwanza alipiga yote kinyume, kulia kushoto na kushoto kulia, kwa kuwa mtu wa pichani alimtazama uso kwa uso. Wiki ya tano akagundua kwamba kitabu cha pili kinabishana na cha kwanza kuhusu ngumi ya hatua ya tisa, kimoja kinataka iwe ya tumboni na kingine ya kidevuni. "Hawa nao wangekubaliana kwanza ndipo wachapishe," alisema kwa sauti, na akashtuka, kwa sababu yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu atoke kazini siku iliyotangulia.

Bintiye, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila Jumapili.

"Mama, utavunjika nyonga, nakwambia."

"Nyonga yangu imesukuma mashuka ya hospitali nzima. Haitashindwa na kitabu."

"Kwa nini usije ukae kwetu?"

"Nitakuja," alisema Mama Pasi, kama alivyosema Jumapili iliyopita.

Hakuwa anaenda popote. Kitabu cha tatu kilikuwa kimempa alichokuwa akikitafuta. Humo, kata ile ya hatua ishirini na moja, inayokwenda mbele na kurudi nyuma katika mstari mmoja, ilikuwa na picha nne ndogo kando ya zile kubwa. Katika picha hizo ndogo mtu yule yule amesimama ubavu. Mama Pasi akazifuata. Alipofika ya kwanza, kisigino chake kilisuguka sakafuni na yeye akajikuta anatazama jikoni.

Alilia pale pale, ngumi ikiwa kiunoni. Basi hiyo ndiyo ilikuwa sauti yenyewe! Hakuwa na hakika mumewe aligeuka mara ngapi, lakini kitabu kiliposema nne, kumbukumbu nayo ikakubali kwamba ni nne. Tangu siku hiyo alikuwa na kata ya hatua ishirini na tano, akaipiga kila asubuhi kwa miezi minane, na kwa dakika zile chache nyumba haikuwa tupu sana.

Ila mtu akiwa na kitu cha thamani hutamani kiwe na shahidi. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja, ni kweli, lakini lilikuwa linavuja tangu enzi za marehemu na hakuna aliyekosa usingizi. Mama Pasi akalikumbuka ghafla kwa sababu fundi bomba mmoja, mtu mnene mwenye kicheko cha haraka, alikuwa amefanya mazoezi na Mzee Mita katika ukumbi wa shule kwa miaka tisa, kabla ukumbi haujageuzwa ghala. Akamwita Jumamosi mchana. Fundi alibadilisha mpira wa bomba kwa muda mfupi kuliko aliotumia kutoa pole, na alipokuwa anafuta mikono akaviona vitabu.

"Shemeji! Hivi bado vipo?"

"Vipo. Kaa hapo kwanza, shemeji. Nataka uone kitu, na usinicheke."

"Nikucheke kwa lipi?"

Akasogeza meza, akavua ndala, akaipiga yote. Fundi hakucheka. Alitazama akiwa ameshika spana magotini, na mwishowe akapiga makofi mawili matatu.

"Shemeji, una miguu mizuri kuliko mimi. Kweli tena. Lakini kuna sehemu nne unageuka ubavu. Pale hapageukwi."

"Panageukwa. Kitabu kinasema."

Fundi akakichukua kitabu, akaweka kidole kinene kando ya picha kubwa. "Ona. Hapa mkono wa nyuma umefichwa na mwili, si ndiyo? Sasa mpiga picha amezunguka upande wa pili, akapiga tena ili tuuone mkono. Hatua ni ile ile moja. Hii ndogo si hatua, ni kuonyeshwa tu. Hii kata haina ubavu, shemeji. Ni mbele na nyuma."

Mama Pasi akakaa. Hakuumia kwa kukosea, maana aliyejifunza kwa picha hukosea. Aliumia kwa alichokiona nyuma ya kosa: mumewe naye alijifunza kwa kitabu hiki hiki. Basi ni mpiga picha aliyemgeuza. Hakuwa anatafuta chai, hakuwa anatafuta chochote, na ile sauti ya kisigino aliyoililia miezi minane ilikuwa kosa la mtu asiyejua kusoma lugha ya watu.

"Kwa hiyo naye alikuwa anakosea," alisema taratibu. "Miaka yote ile."

"Nani?"

"Mume wangu. Alikuwa anageuka hivyo hivyo. Kila asubuhi."

"Mzee Mita?" Fundi alitikisa kichwa. "Haiwezekani. Tuliokuwa tunakosea picha hizi ni sisi. Yeye ndiye aliyetusahihisha, tena alitukemea, akasema kama yeye alivielewa vitabu peke yake, sisi tunashindwaje. Nilisimama nyuma yake miaka tisa, shemeji. Hakugeuka hata siku moja."

"Hapa alikuwa anageuka. Nilikuwa namsikia."

"Kugeukia wapi?"

"Huku. Jikoni."

Fundi akatazama jikoni, kisha akamtazama yeye, kisha akaanza kupanga spana zake katika mkoba, moja moja, kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila kubisha hodi. "Bomba litakaa sasa," alisema. "Likianza tena nipigie." Akaaga, akaondoka kwa haraka isiyo yake.

Mama Pasi alisimama akielekea dirishani. Akaipiga kata sawasawa, hatua ishirini na moja, mbele na nyuma. Ilikuwa nyepesi, na ilikwisha upesi mno. Akaanza upya, na alipofika katikati akageuka, safari hii akijua kwamba hakuna kitabu kinachomtuma. Akabaki hivyo, mguu mmoja mbele, akiangalia alichokuwa akikiangalia mumewe.

Palikuwa na sinki, na kando ya sinki jiko, limeegemea ukuta wa ndani, mahali lilipokuwa tangu wahamie. Alitazama kwa muda mrefu kabla hajaelewa anachokiona. Mtu akisimama penye jiko lile akichemsha chai, kutoka hapa haonekani uso. Unaonekana mgongo.