Udongo Ndani ya Moshi

Kule kambi ya wakimbizi Tanzania mama alikuwa akinipa unga niunuse kabla hajapika, maana pua yangu ilijua uvundo kabla ya macho yake. Shule niliacha darasa la pili. Pua ndiyo iliyobaki, nayo ikanipeleka kwenye tumbaku. Nikapenda sigara zile nene za kusokota kwa jani zima. Navuta polepole, natazama jivu kama linashikana, kisha nasema hii ni ya bondeni, hii ilikaushwa jikoni. Watu walinicheka, lakini walizidi kuniletea.

Amani ilipokuja nikavuka mpaka nikarudi kwetu Bugendana, kwa kaka yangu, aliyebaki akilima shamba la baba. Nilitaka anikatie hata kipembe cha shamba nijenge, ila mdomo ulikuwa mzito. Siku ya tatu akasokota sigara ya tumbaku yake, akanipa huku akicheka.

"Bon, haya, mtaalamu wa Tanzania, we sema. Iko nzuri?"

Jivu lilikuwa jeupe, limeshikana. Moshi ulikuwa mtamu, mwishoni una harufu ya mvua ya kwanza. Nikasifu kama nilivyozoea: "Kaka, humu mna udongo wa baba yetu."

Akaacha kucheka. "Kumbe ulikuja kupima shamba."

"Nimesema tumbaku, kaka."

"Umesema udongo, mdogo wangu."

Udongo kweli niliutaka. Nikaiweka sigara juu ya jiwe, bado inawaka, nikashika njia ya Muyinga. Sasa nalima mashamba ya watu Gashoho. Bugendana sijakanyaga tena.